Shamba la Mtoni la Bi. Kidawa

Sogeeni karibu, na msinikatize. Hadithi hii ni fupi lakini inachosha.

Palikuwa na mjane, Bi. Kidawa, aliyezaa watoto watatu na kuchoka mara nne. Semboja, wa kwanza, alijaliwa kuona mbali, hata akajikwaa kwa kilicho karibu. Hidaya alijaliwa mkono mwepesi wa kutoa. Sikudhani, kitinda mimba, alijaliwa miguu, na kifua cha kustahimili maneno ya watu.

Mwaka mmoja mihogo ya kijiji kizima iliugua. Ukiifukua unakuta imeoza.

Semboja akauza ng'ombe wake wote, akawachangia vijana wa mjini waliokuwa wakiunda akili mnemba ya kutambua maradhi ya mihogo. Unalipiga jani picha kwa simu, nayo inakuambia shina la kung'oa na la kubakiza. Watu wakamcheka kwamba ng'ombe wake wamegeuka picha.

Hidaya naye akauza ng'ombe wake wote, akanunua unga, akagawa nyumba kwa nyumba. Bila unga ule watu wangehama, na mashamba yangebaki bila wa kuyapanda. Semboja akamwambia anamimina maji kwenye pakacha. Hidaya akamjibu kwamba mwenye njaa halishwi kesho.

Simu ilipoletwa, ikasema mihogo yote ni mizima. Kumbe watu walikuwa wakiionyesha majani mazuri mazuri tu. Mgeni haonyeshwi aibu ya nyumba, na simu ile kwao ilikuwa mgeni. Sikudhani, ambaye hakuwa na ng'ombe hata mmoja, akapita shamba kwa shamba, akabembeleza, akatukanwa, akayapiga picha majani yaliyonyauka, akang'oa na kuchoma kila shina lililohukumiwa. Jioni alirudi mikono imechubuka, akalala bila kula.

Msimu uliofuata mihogo ikakubali. Sasa, ada ya ukoo wao ni hii: aliyeikomboa nyumba na njaa hupewa shamba la mtoni, na shamba hilo haligawanywi. Bi. Kidawa ndiye aliyelishika, wala hakuwa na kingine cha kurithisha.

Semboja akaliomba, mavuno yake yaiendeleze ile akili mnemba ijue na maradhi ya mahindi, maana njaa ijayo haitapiga hodi. Hidaya akaliomba liwalishe maskini, maana wapo ambao hata mwaka wa neema hawana cha kuinjika. Wote wawili walisema kweli, na hilo ndilo lililomchosha mama yao. Laiti mmoja angekuwa mwongo, angepumzika.

Akamgeukia Sikudhani. "Na wewe, mwanangu, ukipewa utalifanyia nini?"

"Nitalima kidogo, nile mwenyewe, nipumzike. Nimechoka, mama."

Semboja na Hidaya wakasema kwa pamoja kwamba huo ni ubinafsi. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule kukubaliana.

Bi. Kidawa akalia, maana kati ya maneno yote ya siku ile, hayo ya Sikudhani ndiyo aliyoyaelewa zaidi. Ukoo umeshakaa mkekani unamngoja, naye lazima ataje jina moja, na wawili watakaoachwa ni wanawe vilevile.

Mimi nimeshindwa. Je, ungekuwa wewe, ungemtaja nani?