Kifuko Kilichobaki Ndani

"Anayengojwa hukunjiwa mara mbili." Wajukuu zangu, mmemsikia shangazi yenu akisema hivyo alipomfungua mtoto mbeleko na kumfunga upya mgongoni, nanyi mkauliza maana. Methali hii ilianza hivi.

Kabla ya alfajiri, kifuniko cha birika kiligongagonga jikoni kwa Mama Mghoi, mjini Voi. Akashtuka. Miaka saba kifuniko hicho kilikaa kimya, kwa kuwa alikikandamiza kwa kifuko kikuukuu cha mchanga alichopewa kazini. Birika lenyewe aliachiwa na bintiye Mghoi, aliyekwenda ng'ambo na siku hizi hata simu hapigi.

Mama huyu alikuwa mkunjaji katika kiwanda cha parachuti za kushushia vyombo vinavyorudisha watu kutoka angani. Kila mkunjo hushikiliwa kwa kifuko cha mchanga. Kazi ikiisha, vifuko vyote hurudi kwenye kisanduku chenye vishimo ishirini. Kishimo kikibaki kitupu, parachuti hufunguliwa kifuko kitafutwe.

Jana vishimo vyote vilijaa. Lakini jana alikuwa amebeba kile cha nyumbani mfukoni akakishone, maana kilivuja. Mawazo yakiwa kwa Mghoi, akakitia kisandukuni pamoja na vingine.

"Basi kimoja cha kiwanda kimo ndani ya parachuti," akanong'ona.

Alipofika kiwandani, parachuti ilikuwa imeshapakiwa na lori linanguruma. Akaeleza kosa lake, akaomba ifunguliwe.

"Mama Mghoi, kuikunja upya ni siku tatu!" alisema Mwadime, msimamizi. "Nitalazimika kukusimamisha kazi."

"Nisimamishe, baba, ila ifunguliwe kwanza. Binti atakayeshuka nayo ana mama anayemngoja."

"Kwani ni wako huyo?"

"Wangu yuko mikononi mwa watu nisiowajua. Naomba nao wawe wanakagua mara ya pili."

Mwadime akamwambia dereva azime lori. Kifuko kilikutwa katikati ya kamba, mahali ambapo kingezisokota zisikunjuke. Mwadime hakumsimamisha. Alivua koti, akashika ncha moja ya kitambaa, akasema, "Haya mama, vuta upande wako."

Miezi ikapita. Naserian, yule binti aliyeshuka salama, akasimuliwa habari na Mwadime, akaja kubisha hodi na sukari mkononi. Walikunywa chai ya birika lile hadi ikaisha. Akiwa mlangoni akauliza, "Mama, hukunijua. Mbona ulikubali kupoteza kazi?"

Mama Mghoi aliushika mkono wake, hakuuachia upesi.

"Mwanangu, anayengojwa hukunjiwa mara mbili. Wangu bado hajarudi. Wewe njia umeshaijua, njoo tena."