Kengele Ndani ya Kanda

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nimeyasema maneno hayo kwa sababu wewe, Athumani, umemcheka dada yako aliposema ndoo za maji zimemchosha, na sasa nyote mnaniuliza yametoka wapi. Kaeni basi niwaeleze yalivyoanza.

Hapo kale, kijiji cha Kwamsufi kilikuwa na misufi mingi. Kila siku ya gulio watu walipanda mlima mkali kwenda kuuza upande wa pili. Wanaume walibeba usufi wa kujazia mito na magodoro, wanawake wakabeba mahindi. Kanda la usufi, ule mfuko wa kusukwa, lilikuwa kubwa kuliko mtu, lakini hata mtoto angelibeba huku anaimba. Kanda la mahindi lilikuwa dogo, na uzito wake aliujua mwenye shingo. Wapita njia walimpisha mwanamume mwenye kanda kubwa, wakampa pole. Mwanamke hakupewa pole na mtu.

Tena, chuma hakikutiwa ndani ya usufi, maana kutu ingeuchafua na wanunuzi wangeukataa. Mwanamume akiwa na kitu cha kupeleka kwa mhunzi kule gulioni, alikitia katika kanda la mkewe. Na palikuwa na sheria: mwanamke akitua mzigo mlimani, ameiaibisha nyumba. Atarudishwa kwao, na watoto watabaki kwa baba.

Siku moja Mashavu, mke wa Sekibaha, alitua. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na nyumbani alikuwa amemwacha binti yake wa miaka miwili, Sikudhani. Katikati ya mlima aliliweka kanda chini, akakaa. Wanaume waliokuwa njiani wakamgeuza palepale wamrudishe kwa jumbe, mkuu wa kijiji, ahukumiwe. Na kanda je? Walimtwika tena mwenyewe. Nasema walimtwika, mjamzito yule, na wanaume sita wazima walikuwa pale. Niliposimuliwa mara ya kwanza nilidhani bibi yangu amekosea, nikamwomba arudie. Alirudia vilevile.

Jumbe Mhina aliwatuma vijana waite watu nyumba kwa nyumba, kwa kuwa kengele yake ya chuma ilikuwa imepasuka na imepelekwa kwa mhunzi. Watu walipokusanyika, Sekibaha alisema kwamba mkewe ni mvivu, kwamba kanda lake halifiki hata nusu ya lile alilobeba yeye, na bado amelitua. Baba yake akamuunga mkono. Wazee wakaafikiana upesi, na mtu akatumwa akafunge nguo za Mashavu. Sikudhani alikuwa ameng'ang'ania upindo wa nguo ya mama yake, hajui kwamba wanataka kumtenganisha naye.

Jumbe akamuuliza Mashavu kama ana la kusema.

"Ninalo, baba," akajibu. "Lakini vilivyomo ndani ya kanda siwezi kuvitaja mbele ya baba mkwe wangu, nitakuwa nimemvunjia heshima. Naomba limwagwe."

Likamwagwa. Yakatoka mahindi, na katikati ya mahindi yakatoka majembe mawili ya Sekibaha. Likafuata shoka la baba mkwe. Likafuata jiwe la kunolea la shemeji, ambalo hata si chuma. Kila mmoja alikuwa anakijua chake, hakuna aliyekijua cha mwenzake. Kisha kitu cha mwisho kikaanguka juu ya jiwe na kulia, na hapakuwa na mtu asiyeijua sauti ile. Ilikuwa kengele ya jumbe.

Jumbe alishtuka, akasimama. Alikuwa amempa Sekibaha kengele ile kwa mkono wake, wala hakuuliza itasafiri vipi.

"Sekibaha," akasema, "nilipokupa kengele hii uliniambia nini?"

"Nilikwambia si mzigo, mzee."

"Nami nikakubali. Na wewe, mzee mwenzangu, shoka lako?"

"Lilikuwa moja tu," akasema baba mkwe kwa sauti ndogo.

Jumbe akaagiza vyote virudishwe kandani, akainama alinyanyue mwenyewe. Lilifika magotini. Akaliachia mbele ya watu wote.

"Tumezoea kubeba usufi," akasema, "na mzigo wa mwenzetu nao tukauona ni kanda la usufi. Nguo za Mashavu zifunguliwe. Gulio lijalo mahindi na chuma watabeba wanaume, na sheria ya mlima ibaki kama ilivyo, ila itawahusu wao."

Gulio lilipofika, Sekibaha alitua mara tatu kabla ya nusu ya mlima. Jumbe alitua mara mbili. Kwa sheria ile asingebaki mwanamume hata mmoja mwenye nyumba, basi wakaifuta wenyewe kabla hawajafika gulioni. Tangu hapo mwenye chuma alibeba chuma chake, na mahindi yakabebwa kwa zamu.

Sasa, Athumani, ndoo zile mbili bado ziko mlangoni. Moja ni ya kupikia. Nyingine ni maji ya kuoga, na hujamuuliza dada yako ni ya kuoga nani. Ni yako. Inuka uziingize zote mbili ndani, kisha urudi hapa uniambie kwa kinywa chako: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.