Pete Iliyoogopa Maji

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, Fisi alipokuwa bado anavaa kanzu na kufanya kazi ya usonara, Bi Digidigi alikuwa na pete ya uchumba yenye almasi ndogo. Ndogo kweli! Ukipiga chafya, unaitafuta mpaka jioni.

Mumewe aliipata kwa kuchekecha mchanga wa mtoni, kiangazi hadi kiangazi, mpaka kwato zikalika. Ndipo akaenda kuposa.

Bi Digidigi aliipenda pete yake, mpaka siku aliyokwenda arusini akaketi karibu na Bi Nyati.

"Shoga," Bi Nyati akasema, "jiwe la pete yako limedondoka?"

"Halijadondoka. Si hili hapa?"

"Liko wapi? Bi Kiboko, hebu sogea, macho yangu mabovu!"

Bi Kiboko akasogea, puu! Mkeka ukalia. "Loo! Mimi nilidhani punje ya mchele, nikasema mwenzetu kashaanza kula pilau!"

Kwa! Kwa! Kwa! Wakacheka mpaka wakapaliwa.

Wao pete zao zilikuwa mpya, kila moja jiwe kama yai la kanga. Wala hawakushika chakula siku ile. Wamekaa tu mikono juu, binti zao wanawatilia matonge mdomoni.

"Nenda kwa Fisi," Bi Nyati akamwambia, pilau shavuni. "Unampa hicho kidogo chako na kuku wawili, anakupa kikubwa. Fanya haraka, kesho kutwa anahama."

Bi Digidigi akarudi nyumbani, mkono kauficha ndani ya kanga. Mumewe yuko uani anashona chekecheke yake.

"Mbona kimya, mke wangu? Hata arusi hunisimulii?"

"Arusi ilikuwa nzuri."

"Na mkono una nini?"

"Hauna kitu."

Mume akautazama ule mkono chini ya kanga, akaelewa. Akashona, akashona, halafu akasema polepole, "Mimi nilijua ni ndogo. Nilitaka kubwa, mto haukunipa. Ukitaka kubadilisha, badilisha. Sitanuna."

Mdomo ulisema hivyo. Lakini masikio yake yalilala chini, paa, na Bi Digidigi aliyaona.

Akawaza sana, maskini. Akiwaza masikio ya mumewe, anasema siendi. Akikumbuka kile kicheko, kwa! kwa! kwa!, anasema naenda. Kulipokucha, akabeba kuku wawili, akaenda.

"Karibu, mama! Karibu, malkia!" Fisi akapokea kuku. "Vua, vua tuione."

Tangu avishwe hajaivua hata siku moja. Akaipaka mate, akaivuta, ikatoka. Kidoleni pakabaki alama. Fisi akaidaka, chap! akaitia kwenye kifuko anachokivaa shingoni, hakivui hata akilala. Akamvisha pete yenye jiwe kubwa, linameremeta kwa mafuta.

"Sharti moja, mama. Siku saba lisiguse maji."

"Kwa nini?"

"Jiwe linazoea kidole. Kwi-kwi-kwi!"

Hapo Bi Digidigi akakumbuka wale mashoga wanavyolishwa matonge. Ah! Kumbe si maringo tu! Akainua mkono taratibu mpaka puani. Na pua ya digidigi mnaijua, ndefu kama kidole gumba. Akanusa, fu, fu. Chini ya mafuta akasikia harufu ya lile bonde wanyama wanakokwenda kulamba chumvi.

Chumvi ya mawe!

Na pete yake ya kweli iko kifukoni, na kifuko kiko shingoni kwa Fisi, na Fisi ana meno. Akipiga kelele, anamezwa yeye na kanga yake. Kesho Fisi anahama, na lile jasho la mumewe linahama naye.

Basi akacheka. Akapiga kigelegele, "Ririririii! Fundi, umenipamba! Leo mchana uje kwangu ule. Nimeinjika chungu cha mifupa."

Mate yakamtoka Fisi, tii, tii. "Mifupa yenye uboho?"

"Uboho mpaka unamwagika. Na uvae ile pete yako kubwa kuliko zote, mashoga zangu wakuone."

Mchana Fisi akaja, kanzu imepigwa pasi, pete kidoleni kama nazi changa. Bi Nyati yupo, Bi Kiboko yupo, na binti zao wa kuwalisha. Chungu kikafunuliwa. Harufu hiyo!

Bi Digidigi akaja na birika la maji ya moto na beseni. "Mgeni wetu, leta mkono nikunawishe."

Fisi akarudi nyuma. "Mimi... mimi nitakula kwa kijiko."

"Kwangu hakuna kijiko, fundi."

"Basi nitakula kwa mkono wa kushoto."

"Astaghafirullahi!" Bi Nyati akaruka. "Kushoto, mbele za watu?"

"Basi nilisheni kama nyie."

"Dume zima na ndevu zako ulishwe?" Bi Kiboko akauliza. "Una mimba?"

Fisi akatazama birika, akatazama chungu. Bi Digidigi akauvuta mfupa mmoja juu, uboho ukateleza, ploo! ukarudi mchuzini.

"Nitie tone moja tu," Fisi akasema, na mkono akautoa. Macho yako chunguni, ulimi nje.

Chururuuu! Bi Digidigi akamimina. Jiwe likawa kama yai. Chururuuu! Likawa kama punje ya hindi. Chururuuu! Likaisha, kikabaki kipete kitupu. Fisi hata hajui, anatazama mifupa.

Bi Nyati akatia ulimi kwenye beseni. Akalamba. "Chumvi! Jamani, hii chumvi!"

"Chumvi?" Bi Kiboko akasimama. "Mimi kiboko mzima, siku nne sijaingia majini, kwa ajili ya chumvi?" Akamkalia Fisi, puuuh! Kifuko kikapasuka, pete zenye almasi ndogo ndogo zikatawanyika ukumbini, kila mtu akaokota yake.

Fisi akajikokota mpaka mlangoni. Bi Digidigi akamtupia mfupa mmoja. "Chukua. Aliyenawa kwangu haondoki na njaa."

Jioni mume akarudi kutoka mtoni. Mkewe akaleta maji amnawishe, na mumewe akaona ile punje pale pale kidoleni, inang'aa ndani ya maji, mwaa!

"Kumbe hukubadilisha?"

"Nilibadilisha, mume wangu. Nikajuta, nikaenda kuipigania. Nisamehe."

Masikio ya mumewe yakasimama, yote mawili.

Na mimi nimewaachia hapo, wajukuu zangu. Haya, nendeni mkanawe, chakula kimeiva. Kidogo kilichotafutwa kwa mapenzi usikibadilishe kwa kikubwa kinachoogopa maji.