Mashine ya Kindi na Kumbukumbu za Wakubwa

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama nao walipanga foleni maofisini, Kindi alikuwa mjane mwenye watoto saba na rundo la mahindi uani. Mvua ilikuwa karibu. Mahindi yasipopukuchuliwa upesi yangeoza, na watoto wangeshinda njaa mpaka msimu mwingine. Viganja vyao vilikwisha kutoka malengelenge.

Basi Kindi akachukua kipande cha gogo, akakipigilia misumari, akakitia mpini wa kuzungushia. Kwaru-kwaru-kwaru! Punje zikamwagika pwaa.

Alipokipeleka kwa Kiboko, karani wa vibali, Kiboko hata hakuinua matako kitini. Akamwambia kitu kipya hakiruhusiwi mpaka kijiji kingine kikitumie kwanza, kionekane hakina madhara.

"Na hicho kijiji kingine kitapata wapi ruhusa, bwana mkubwa?"

"Hilo haliihusu ofisi hii, mama. Anayefuata."

Kindi akarudi nyumbani akinung'unika maneno yasiyofaa masikio ya watoto. Mara akaanza kucheka peke yake. Akaipaka mashine masizi na matope, akaianika juani mpaka ikaonekana kongwe, akaibeba hadi kwa mtemi Tembo. Akamkuta Kiboko yupo hapo hapo, anakunywa uji wa mtemi.

Akapiga magoti. "Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Nimefukua kitu hiki shambani. Hakuna mwenye kumbukumbu kama wewe, ndiyo maana nimekuja. Si ndicho alichokuwa akipukuchulia mahindi marehemu babu yako?"

Tembo hakuwahi kukiona hata ndotoni. Lakini mtemi mzima, tena tembo, aseme hajui? Akakohoa, kho, kho.

"Ndicho hasa. Babu alikuwa akinipakata huku anakizungusha."

"Kwetu vilikuwa viwili," akadakia Kiboko.

"Kumbe si kitu kipya?"

"Kipya wapi, wewe!" Tembo akang'aka. "Hii ni mila yetu. Mila haiombi kibali."

"Na karani amesikia?" Kindi akauliza kwa upole.

Karani akainamia bakuli la uji, akasema amesikia.

Mvua ilipopiga, punje zote zilikuwa ghalani. Na wiki haijaisha, Kiboko akaja kwa mlango wa uani, anaomba atengenezewe moja, kwani vile viwili vya kwao, eti, vilichukuliwa na mafuriko.

Ndiyo hivyo, wajukuu: mkubwa anayeona haya kusema hajui, atachezewa na mdogo kuliko sikio lake.