Jiwe Lililomeza Jua

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmeitikia kwa usingizi. Sogeeni. Na watu wazima pia, maana hii si ya watoto peke yao.

Hapo zamani za kale palikuwa na mlima mrefu, kichwa chake cheupe kwa theluji. Chini kidogo, theluji ilipokomea, palikuwa na mawe machache yaliyo wazi. Hapo ndipo alipokaa Pimbi na mkewe na ukoo wao.

Pimbi mnamjua, yule mnyama mdogo wa majabalini. Akiamka hali chochote, huota jua kwanza. Wote hujipanga juu ya jiwe, bega kwa bega, tumbo chini, kimya, mpaka damu ipate moto. Ndiyo desturi yao.

Mwaka ule Mama Pimbi alizaa mtoto mmoja tu, mdogo kama kiazi. Akawa anatetemeka. Tetete, tetete. Pimbi akamtazama, roho ikamuuma.

"Mawe ya kuotea jua hayatoshi," akasema. "Mengine yamefunikwa na theluji. Jua likipiga pale, theluji inalirudisha mbinguni. Linapotea bure."

"Mume wangu, mlima tuliukuta hivi," mkewe akasema.

"Na mtoto akifa kwa baridi, mlima utanipa mwingine?"

Radi ilikuwa imechoma vichaka bondeni. Pimbi akauita ukoo. Wakajigaragaza kwenye masizi, wakapanda, wakajipangusa thelujini. Wakashuka, wakajigaragaza tena. Theluji ikawa nyeusi. Jua likaja, na safari hii halikurudishwa. Ti, ti, ti, theluji ikayeyuka. Jiwe jeusi likachomoza.

Lo, lilikuwa na joto tamu. Mtoto akalazwa juu yake, akatulia. Ukoo ukacheza ngoma.

Lakini wahenga walisema, akumulikaye mchana, usiku atakuchoma. Jua lilipozama, jiwe halikupoa. Mama Pimbi akatega sikio. Ndani mlikuwa na sauti ya taratibu, kama ya mtu anayetafuna.

"Nipe tena," jiwe likasema.

Kesho yake theluji ya jirani ikayeyuka. Hakuna aliyeipaka masizi. Kesho kutwa, nyingine. Jiwe likala jua, likapata joto, likayeyusha, likapanuka, likala jua zaidi. Ti, ti, ti. Halafu siku moja, kimya. Chemchemi waliyokunywa, iliyotoka kwenye theluji, ilikuwa imekauka.

Sasa, kila adhuhuri Wingu jeupe, nene, lilikuwa likija kutua mlimani na kuwatilia kivuli. Siku hiyo lilifika likasita, kingo zake zikachanika.

"Shuka," Pimbi akasema. "Tunaungua."

"Nishukie wapi?" Wingu likasema kwa sauti ndogo. "Pumzi ya jiwe lenu inaninyausha. Mimi na theluji tulikuwa tukilirudisha jua lilikotoka, yeye chini, mimi juu. Yeye mmemmaliza. Mimi nakwenda."

Likaenda. Ukabaki utando mwembamba wa mawingu, juu, juu kabisa. Mchana utando huo haukutia kivuli. Usiku ulilifunika joto lisitoke.

Maziwa ya Mama Pimbi yakakauka. Mtoto hakulia. Alihema tu, mdomo wazi. Pimbi akambeba, akatafuta pa kumlaza, jiwe kwa jiwe. Kila jiwe aliloligusa lilisema, "Nipe tena." Kulipokucha mtoto alikuwa amekufa, na mwili wake haukupoa.

Pimbi akaukimbia mlima. Akaingia msituni, akapanda mti, kwani hakuthubutu tena kulala juu ya jiwe. Watu wa huko wakamwita Perere. Giza likiingia hulia akiliita Wingu lirudi. Huanza chini chini, kaa... kaa... sauti ikapanda, kaaa, kaaaa, mpaka mbwa wakajificha uvunguni. Wingu halijamjibu.

Funzo ni hili: kinachokusumbua huenda ndicho kinachokukinga. Weupe wa mlima na kivuli cha wingu ni ngao yetu sote, na anayeuondoa weupe hukifukuza na kivuli.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mkimsikia Perere usiku, msiseme ni mchawi, wala msimtupie kitu. Ni baba anayemlilia mwanawe aliyemuua kwa kumpenda.