Shubiri ya Bi Mize

Sogeeni, wajukuu zangu. Anayetafuna muhogo ameze kwanza, nisisikie hata mdomo.

Alikuwepo mjane, Bi Mize, na ng'ombe wake mmoja wa maziwa. Siku moja ng'ombe akala mahindi ya Bwana Mbaraka, tajiri wa kijiji. Tajiri akamswaga mpaka zizini kwake.

"Sasa huyu wangu!"

"Haya, bwana," akasema Bi Mize. "Ila ng'ombe mzuri hivi watamtia jicho. Nije kila alfajiri nitundike jani la shubiri mlangoni, limfukuze hasidi. Nami nimpapase mwenzangu kabla hujamkama, atulie."

"Njoo, bibi, njoo! Kazi ya bure nani aikatae?"

Basi kila alfajiri akaja, akakata shubiri, akaitundika, akampapasa ng'ombe, akaenda zake. Maziwa yakawa machungu, hata paka wa tajiri akayakimbia. Juma halijaisha, Bwana Mbaraka akamrudisha ng'ombe mwenyewe, kamba mkononi.

"Mchukue! Hiyo shubiri yako imeniona mimi ndiye hasidi!"

"Pole, baba. Dawa haina upendeleo."

Tajiri alipokwenda zake, Mwanahawa, bintiye Bi Mize, akauliza, "Mama, uchungu ule ulitoka wapi?"

"Wewe nilikuachishaje ziwa, mwanangu? Si nilijipaka shubiri? Na ng'ombe nilimpapasa chuchu."

Ng'ombe alirithiwa na Mwanahawa, mshubiri nikaurithi mimi, na watoto wa Bwana Mbaraka wakarithi chai ya rangi.