Nyati na Mgawaji Aliyempa Mkwe Mgongo

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, siku ambazo nyati alivaa kanzu ya sherehe na pimbi akabisha hodi kabla ya kuingia, palikuwa na vijiji viwili, Bondeni na Majabali. Katikati yao palikuwa na kisima kimoja tu.

Kiangazi kikiingia, maji hupungua. Anayekunywa kwanza hupata maji, anayekuja nyuma hupata tope. Basi ili wasitoboane kwa pembe, wanyama walipatana: kila mwaka mvua zikiisha utachezwa mpira, na kijiji kitakachoshinda kitakunywa asubuhi kiangazi kizima.

Mpira wenyewe ulisukwa kwa majani ya mgomba, nao haukupigwa teke kama wenu, ulirushwa. Kila timu ilikuwa na mgawaji. Yeye husimama nyuma, wakubwa wanamkinga, wenye mbio wanachomoka, naye anaamua nani apewe. Mgawaji akikosea, timu imekwisha.

Mgawaji wa Bondeni alikuwa Nguchiro. Kadogo, kembamba, mkia kama ufagio uliochakaa! Tena alikuwa na namna yake. Akipewa mpira, aliwageuzia wapinzani mgongo, akainama, akachungulia katikati ya miguu yake mwenyewe, halafu fyuuu! Mpira ukapita chini ya tumbo lake ukatua kwenye pembe za Swala. Tii!

"Unaonaje ukiwa hivyo?" Swala alimwuliza siku moja.

"Naona miguu yao, ndugu yangu. Uso utakudanganya, kifua kitakudanganya. Mguu unaotaka kwenda kulia unaelekea kulia."

Mwaka mmoja Bondeni walishinda mpaka Kifaru wa Majabali akakaa chini akalia. Na kocha alikuwa nani? Bwana Nyati. Tusimnyime haki yake: mpango wote ulikuwa wake. Ndiye aliyewaambia Ngiri na Pundamilia waachane kidogo ili Nguchiro apate pa kuchungulia. Ndiye aliyemfundisha Swala asichomoke mpaka auone mkia wa Nguchiro umeinuka. Alimtazama yule mdogo jinsi alivyo, akamjengea mchezo.

Laiti angeishia hapo!

Sasa sikilizeni. Nyati alikuwa ameoa Majabali, na mkewe alikuwa amejifungua ndama wa kwanza. Mama mkwe wake, nyati mzee mwenye kitenge, alikuwa akija kila mwaka kutazama mchezo. Na adabu ya ukwe mnaijua. Tangu aoe, Nyati hakuwahi kumwambia mama mkwe wake zaidi ya "shikamoo", tena akitazama kwato zake.

Asubuhi moja, mechi ya mwaka uliofuata ikikaribia, sauti ikasikika mlangoni.

"Hodi! Hodi kwa shemeji!"

Alikuwa Pimbi, kocha wa Majabali. Pimbi unaweza kumfunika kwa kapu. Akili zake, hata ghala halizitoshi.

"Karibu, shemeji. Habari za Majabali?"

"Njema kwa mbali." Pimbi akashusha pumzi. "Lakini sitaki kusema. Nipe maji ninywe niende zangu."

"Sema, shemeji. Umeshaanza."

"Ni Mama."

"Mama mkwe? Anaumwa?"

"Afadhali angeumwa! Mwaka jana pale uwanjani, yule kijana wako alipoinama... Lo! Matako yote kwa Mama! Na si mara moja. Mama alijifunika kitenge uso mzima, mabega yanatikisika. Maskini!"

Damu ilimpanda Nyati mpaka kwenye ncha za pembe.

"Alisema nini?"

"Atasema nini, na wewe ni mkwewe? Tumenyamaza tu. Ila watu wanaulizana, huyu bwana tuliyempa binti yetu, vijana wake huwafundisha adabu gani?"

Pimbi akanywa maji, akafuta mdomo, akaaga kwa huzuni. Alipofika kwenye kona alirukaruka kama kumbikumbi, lakini Nyati hakumwona. Nyati alikuwa ameinamisha kichwa.

Mkewe, Mama Ndama, alikuwa jikoni na alisikia yote. "Baba Ndama, umemwuliza mama mwenyewe?"

"Nimwulize mama mkwe habari za matako? Una wazimu?"

"Basi nitamwuliza mimi."

"Usithubutu! Utaniongezea aibu juu ya aibu."

Mlango wa kuuliza ukafungwa hivyo, na aliyeufunga ni yeye mwenyewe.

Mazoezini Nyati akamwita Nguchiro. "Kuanzia leo unarusha ukitazama mbele. Kifua wazi, kichwa juu, kama kiumbe aliyelelewa na wazazi."

"Kocha, nikitazama mbele naona mgongo wa Ngiri tu."

"Simama juu ya vidole."

Nguchiro akasimama juu ya vidole. Puu! Mpira ukampiga Pundamilia kisogoni. Puu! Ukaishia kwenye miiba.

"Kocha, mkono wangu haujui njia hiyo."

"Utaijua."

Nguchiro hakubisha tena. Alfajiri kwa alfajiri alionekana uwanjani peke yake, amenyoosha shingo, anarusha mbele na kuokota, anarusha na kuokota. Hilo ndilo lililokuja kumuuma Nyati kuliko yote. Mkaidi ukimharibu, utasema kajitakia. Nguchiro alitii.

Siku ya mechi ikafika. Mama mkwe alikaa mbele kabisa, kitenge mabegani. Nyati alimwona kwa pembe ya jicho, akajisemea, leo atajua nina adabu.

Prrrii! Mpira ukaanza.

Nguchiro akasimama wima, akatazama mbele. Aliona mgongo wa Ngiri. Swala alingoja mkia uinuke, na mkia haukuinuka, akabaki amesimama kama kigingi. Kiboko wa Majabali akaja, gudu gudu gudu! Nguchiro akarusha bila kuona. Puu! Kifaru akaudaka kama aliyeletewa zawadi.

Ikawa hivyo tena na tena. Pimbi alikaa pembeni, kimya, amekunja mikono. Mchezo wake alikuwa ameshaucheza siku ile ya hodi.

Na bado Bondeni walikuwa nyuma kwa mpira mmoja tu. Ulipobaki wa mwisho, Nguchiro akageuka upande wa kocha, macho yamemtoka.

"Kocha! Niiname?"

Nyati akafungua kinywa. Alijua jibu, wajukuu zangu, nawaambia alilijua. Kisha akakiona kitenge.

"Mbele!" akanguruma. "Tazama mbele!"

Puu!

Kiangazi kile kilikuwa kikali. Bondeni walikwenda kisimani jioni, maji yakiwa yamekwisha kuvurugwa na miguu ya wenzao. Ndama wa Nyati alikunywa tope, akakohoa, akakonda mpaka mbavu zikahesabika. Nguchiro alihama kijiji bila kuaga.

Siku moja Nyati alipofika kisimani na ndama wake, akamkuta mama mkwe. Watu wa Majabali walikuwa wameondoka tangu asubuhi, yeye akabaki akingoja. Nyati akainama haraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nitazame."

"Mama, mimi na wewe..."

"Nitazame! Mjukuu wangu anakunywa tope. Adabu ya macho tutaidai mwaka mwingine."

Nyati akainua macho. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuona uso wa mama mkwe wake. Ulikuwa uso wa ucheshi.

"Yule mdogo wa kuinama ulimfanya nini?" mama akauliza. "Nilitembea na uzee wangu huu kuja kumtazama yeye, nakuta amesimamishwa kama nguzo!"

"Mama, si... si ulijifunika uso kwa aibu?"

"Nilijifunika kwa kicheko! Ulitaka nicheke meno nje mbele ya mkwe wangu? Tangu mume wangu afariki sikuwahi kucheka vile. Nani kakwambia ni aibu?"

"Pimbi."

"Ala! Kocha wa wapinzani anakuletea ushauri, nawe unaupokea kwa mikono miwili!"

Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao, naye Nyati mbacha wake aliuchana mwenyewe.

Alimtafuta Nguchiro nyikani. Nyuma ya kichuguu kimoja akasikia, pwaa! Akasogea. Nguchiro alikuwa ameinama, ameupa mwamba mgongo, anarusha yai katikati ya miguu yake. Pwaa! Yai likapasuka palepale alipolenga.

"Mwanangu," Nyati akasema. "Nimekukosea. Rudi. Inama upendavyo, nami nitakupangia mchezo kama zamani."

Akamwekea mpira miguuni. Nguchiro akauchukua, akageuka, akainama. Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akainuka, akamrudishia.

"Siwezi, Kocha."

"Lakini yai umelirusha sasa hivi!"

"Yai nalirusha nikiwa peke yangu. Zamani nikiinama nilikuwa naona miguu. Siku hizi nikiinama nawaona wanaonitazama."

Nyati akarudi Bondeni na mpira wake.

Ndiyo maana hata leo nguchiro hulipasua yai kwa kulirusha kinyumenyume kwenye jiwe, lakini ukimsogelea huacha, akasimama wima, akatazama huku na huku. Na nyati mkimwona kisimani ameinamisha kichwa muda mrefu, watu husema anakunywa. Mimi nasema anamkumbuka mgawaji wake.

Mfunze mtu kwa kipaji alichonacho, usimfunze kwa kuogopa macho ya watu.